Hakuna Mchawi Mwema: Msafiri na Mganga katika Picha za Sinema

Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa aghalabu pale mgeni anapoandaliwa kitoweo ambacho wenyeji wenyewe hawakukionja kwa siku nyingi, na watoto wa nyumba wakapata sehemu yao. Lakini neno lake la mwisho ni neno la tiba. Apone nani, na kwa dawa ya nani? Swali hili nataka kulifuata katika insha hii, nikitazama picha chache za sinema zilizopigwa katika nchi yetu au zilizohusu nchi yetu, na nikianza na Masasi na Newala, ambako mashine ya sinema ilifika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani.

Hadithi ya msafiri anayesaidiwa na mwanamke mwenye nguvu za ajabu imo katika fasihi za mataifa mengi. Moja iliyoenea sana kwa njia ya sinema ni ya Marekani: kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz, kilichotengenezewa filamu mashuhuri mwaka 1939. Binti aitwaye Dorothy anachukuliwa na tufani mpaka nchi asiyoijua. Huko anawindwa na mchawi mwovu, na anasaidiwa na mwanamke aitwaye Glinda. Kiingereza humwita Glinda kwa neno lile lile la yule mwovu, kikaongeza tu sifa ya wema.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa darasa langu la tafsiri aliigeuza hadithi hiyo kwa Kiswahili. Glinda alimwita mchawi mwema. Sikuona kosa la sarufi, nikampa alama nzuri. Likizo ilipofika nilikwenda Newala kumwamkia bibi yangu mzaa mama, nikamsomea kazi ile jioni tukiwa barazani. Alisikiliza kwa utulivu mpaka nilipofika kwa Glinda, akanikatiza.

"Mchawi mwema, mjukuu wangu? Huyo huua watu kwa upole?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Msomaji anayeijua lugha ataona mara moja alichokiona bibi. Kitenzi cha mchawi ni kuroga. Kitenzi cha mganga ni kuganga. Kuroga ni kudhuru kwa siri. Kuganga ni kuponya, na tena ni kufunga kilichovunjika na kutengeneza kilichoharibika. Ndiyo maana tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Dhara limo ndani ya neno mchawi kama wizi ulivyomo ndani ya neno mwizi. Hapana mwizi mwaminifu. Akiwa mwaminifu, jina la mwizi humwacha. Wayao wa Masasi nao wana maneno mawili mbalimbali: msawi ni mchawi, na sing'anga ni mganga.

Sisemi kwamba baina ya wawili hawa pamejengwa ukuta wa mawe. Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, wana neno kupilikula, yaani kupindua, ambalo mtaalamu wa Marekani Harry West amelieleza kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2005. Kwa fikira hiyo, mganga huipindua kazi ya mchawi; na mwenye kulipindua jambo hana budi kulijua. Kwa sababu hiyo mganga huogopwa kidogo hata na watu anaowaponya, na yamkini siku moja jirani zake wakamgeukia. Walakini heshima yake hutokana na huko kupindua. Akiacha kupindua akaanza kudhuru, hupoteza jina pamoja na heshima. Tofauti yao haimo katika ujuzi. Imo katika kazi ambayo ujuzi huo umetumiwa kuifanya.

Sasa tuje kwenye sinema. Masasi iko bondeni, katikati ya milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama penye genge liitwalo Shimo la Mungu huiona nchi ikishuka mbele yake kuelekea Ruvuma. Wasafiri walipita huko tangu zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule yule aliyekusanya na kupiga chapa hadithi za Kiswahili za Unguja, aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru, na Masasi ikawa makao yao. Mwaka 1882 Wangoni waliishambulia misheni hiyo, na baadaye sehemu ya kazi yake ikahamishiwa Newala kwa mfalme Matola. Mwezi Agosti 1905 ikaingia dawa ya maji, iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa na Wajerumani tarehe 4 ya mwezi huo, lakini dawa yake ilisafiri bila yeye, ikichukuliwa na wajumbe kutoka kijiji hata kijiji. Misheni ya Masasi ikachomwa moto.

Katika nchi hiyo yenye majivu ya vita alifika Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig katika Ujerumani, katikati ya mwaka 1906. Nia yake ya kwanza ilikuwa kwenda Kondoa-Irangi, lakini ghasia za huko zilimgeuza njia akaelekezwa kusini. Alitoka Lindi akaenda Masasi. Akakaa Chingulungulu kwa Matola wa pili, kisha akapanda Newala na Mahuta. Pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi na askari wa ulinzi alichukua vyombo viwili vigeni: fonografu ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha zinazokwenda. Ngoma za wenyeji zikaingia katika mikanda yake. Ndugu Lumière walikuwa wamewaonyesha watu wa Paris sinema yao mwezi Desemba 1895. Kwa hiyo uwanda wa Makonde uliingia katika picha za sinema miaka 11 tu baada ya hapo, wakati miji mingi mikubwa kuliko Newala ilikuwa haijaona mashine hiyo.

Katika picha hizo msafiri hatumwoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mashine. Wanaoonekana ni wenyeji, na kazi yao ni kutazamwa. Mikanda ilikwenda Ulaya kuwa mali ya elimu. Haikupigwa kwa ajili ya macho ya watu wa Newala. Weule alikuwa mtu mwenye bidii na macho makali, na mengi tunayoyajua juu ya Masasi na Newala za wakati huo tunayapata kwake. Hata hivyo alikuja na uhakika kwamba elimu iko upande wa msafiri. Wenyeji wana desturi. Yeye ana maarifa.

Ajabu ni kwamba kitabu chake chenyewe kinatoa ushahidi mwingine. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909 na Alice Werner, bibi aliyekuja kufundisha Kiswahili London. Humo Weule ameandika hadithi aliyosimuliwa juu ya asili ya Wamakonde. Palikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, haogi wala hakati nywele. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha penye makao yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mke wake. Watoto waliowazaa walipokaa karibu na maji ya mabonde walizaliwa wamekufa. Aliyezaliwa juu ya uwanda akaishi, na Wamakonde wote wakatoka kwake. Haya ndiyo waliyomsimulia mtu aliyekuja na mashine ya kukifanya kivuli kitembee. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono kikajongea gizani halikuwa wazo geni kwao. Tena katika hadithi yao anayeponywa upweke na unyama wake ni mwanamume, na chanzo cha kupona kwake ni mwanamke asiye wa kawaida. Msafiri aliiandika hadithi hiyo kama habari za kabila, akafunga mizigo yake.

Si kila mgeni aliyekuja Masasi alikuwa na masikio ya namna hiyo. Padre Vincent Lucas wa UMCA aliona kwamba jando halifutiki kwa kukatazwa, akauliza lina mafundisho gani ndani yake. Mwaka 1913 likafanywa jando la kwanza la Kikristo, na Lucas akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926. Mtu anaweza kumlaumu kwamba alikata mengi, na kwamba cheo cha mafundi wa kale kilipunguzwa kikapewa mapadre. Lawama hiyo ina haki. Lakini kabla ya kukata aliuliza, na kuuliza ni kukiri kwamba mwenyeji naye anajua.

Serikali ya Waingereza haikuuliza sana. Sheria ya uchawi waliyoitunga Tanganyika mwaka 1928 ilikuwa na sababu njema: watu walikuwa wakituhumiwa bila ushahidi, wakinyweshwa mwavi, wakipigwa na kufukuzwa. Ila katika kueleza uchawi ni nini, sheria ilitia ndani hata kule kudai tu kuwa na uwezo au ujuzi wa siri. Kwa maelezo hayo mganga na mchawi waliingia katika kapu moja. Maneno mawili ambayo lugha zetu zimeyatenga tangu kale yakafungwa pamoja kwa kamba ya hakimu, na sheria hiyo ikarithiwa na Tanzania huru.

Fikira hiyo ndiyo iliyotiwa rangi katika filamu ya Kiingereza Men of Two Worlds, iliyotoka mwaka 1946 chini ya uongozi wa Thorold Dickinson. Sehemu ya picha zake zilipigwa Tanganyika, na nyingine katika studio Uingereza. Msafiri wake ni Kisenga, Mwafrika mtunzi wa muziki, ambaye baada ya miaka mingi ya kukaa London anarudi Tanganyika kuisaidia serikali kuwahamisha watu wa kijiji chake mbali na mbung'o wa malale. Anakabiliwa na Magole, mganga wa kijiji, ambaye hataki watu wahame. Magole anamtisha Kisenga kwa kifo cha uganga, na Kisenga pamoja na elimu yake yote anaingiwa na hofu akaugua. Mwishoni msafiri anapona na Magole anashindwa.

Robert Adams, mzaliwa wa Guyana ya Kiingereza, alicheza kama Kisenga, na Orlando Martins wa Nigeria kama Magole, wote wawili waigizaji hodari. Malale nayo ilikuwa hatari ya kweli, na tusiifanyie mzaha dawa ya hospitali. Watu wa Masasi wenyewe wanamkumbuka Dakta Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyekuja mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi, baadaye akawa raia wa Tanzania na waziri wa afya. Kwake methali yetu ilitimia bila fumbo: mgeni alikuja, na wenyeji wengi wakapona. Neno langu juu ya filamu hii ni jingine. Imempa mganga kazi moja tu, kutisha. Hatumwoni akifunga mfupa wala akituliza moyo wa mfiwa. Ni kuroga kulikovishwa nguo za kuganga. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London, katika chama chao cha WASU, waliipinga filamu hii hata kabla haijamalizwa, kwa kuwa waliona jinsi Afrika itakavyoonekana ndani yake. Ilipofika Marekani ilipewa pia jina la Witch Doctor. Neno hilo hapo asili lilikuwa na maana ya tabibu wa watu waliorogwa. Masikio ya wasikilizaji wa baadaye yakalisikia kama tabibu ambaye ni mchawi. Kapu la sheria likawa jina la sinema.

Ilipita miaka karibu 40 kabla picha hiyo haijaanza kupinduliwa. Mwaka 1985 ilitoka filamu fupi Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mariamu ni mgonjwa ambaye hospitali haijamfaa. Mumewe anampeleka kwa mganga, na yeye anamwogopa. Filamu haimcheki kwa kuogopa. Inaifuata hofu yake mpaka kwenye chanzo chake, katika maisha ya utotoni, na hapo ndipo tiba inapoanzia.

Kisha ikaja Maangamizi, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Academy ya Marekani kwa filamu za lugha za kigeni. Hapa ndipo hadithi ya msafiri na bibi wa ajabu inapopata Kiswahili chake. Msafiri ni Dakta Asira, mwanamke tabibu wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, aliyechezwa na BarbaraO. Amekuja Tanzania kufanya kazi hospitalini, na huko anakabidhiwa mgonjwa aitwaye Samehe, aliyenyamaza kwa miaka mingi. Samehe amechezwa na Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mgonjwa huyu analindwa na bibi wa kale, mzimu wa wahenga, ambaye jina lake ni Maangamizi, na aliyemcheza ni Mwanajuma Ali Hassan.

Majina haya yanataka kufikiriwa. Samehe halihitaji maelezo. Asira, kwa sikio la Mswahili, linakaribia hasira. Na Maangamizi ni neno la kutisha, kwa maana kuangamia ni kupotea kabisa. Kwa nini mlinzi apewe jina hilo? Mimi naona kwamba watungaji wamelikubali lile ambalo watu wa Mueda wanalisema kwa kupilikula: anayetuvusha katika maangamizi ni lazima awe ameyajua. Bibi huyu hakupambwa nyota wala mavazi ya kumeremeta kama Glinda. Anatokea kama kumbukumbu inavyotokea, bila kubisha hodi, na haki yake ya kutokea ni ukoo. Hakuna mtu katika filamu anayehitaji kumwita mchawi mwema, kwa sababu jina lake lipo tayari. Yeye ni bibi.

Tazama basi jinsi nafasi zilivyobadilika. Mwaka 1906 msafiri alisimama nyuma ya mashine, wenyeji wakatazamwa. Mwaka 1946 msafiri alikuja kuponya, na mganga akasimama njiani kama kizuizi. Mwaka 2001 msafiri amekuja na elimu yake, na elimu hiyo haikudharauliwa, lakini taratibu anatambua kwamba yeye mwenyewe ana jeraha ambalo vitabu vyake havikuligusa. Bibi wa kale anamtazama yeye. Mgeni amekuja, na mwenyeji akipona, mgeni naye anapona. Methali imepata nusu yake ya pili.

Mwaka uliofuata, yaani 2002, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyowapa waganga nafasi yao ya kuandikishwa na kusimamiwa. Sidai kwamba sinema ilileta sheria. Nasema tu kwamba katika muda mfupi picha na sheria zote mbili zilianza kusema tena kile ambacho lugha haikuacha kukisema. Hata hivyo sheria ya uchawi iliendelea kuwako kando ya hii mpya, na waganga wa uongo hawakukoma; wako wanaokula mali za wagonjwa, na wako waovu zaidi ambao kwa kumtajia mteja jina la jirani yake wameleta mauaji. Hao wamevuka mpaka, na Kiswahili kina jina lao.

Hapa narudi barazani kwa bibi. Nilipokwisha kucheka nilimwuliza mbona hacheki. Akanieleza habari ya mwenzake, mwanamke aliyechezwa unyago pamoja naye, wakashuka pamoja miaka mingi kuteka maji penye chemchemi za chini ya genge, kwa kuwa juu ya uwanda maji yalikuwa haba. Mwenzake huyo alipozeeka macho yake yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya bibi yangu mwenyewe. Mtoto wa jirani akafa. Mtu mmoja akasema neno moja, na neno hilo lilikuwa mchawi. Hapakuwa na aliyeuliza kama ni mwema au mwovu. Ajuza akahama usiku na kikapu kimoja, asirudi. Huyu alisalimika kwa miguu yake. Katika sehemu nyingine za nchi yetu, hasa mikoa ya Ziwa, wanawake wazee wengi wameuawa kwa neno hilo na kwa macho kama hayo.

Ndipo nikafahamu kwamba kosa la tafsiri ile halikuwa dogo. Mtoto akizoea kusoma kwamba bibi mwenye nguvu ni mchawi, japo mwema, amefundishwa kuliweka neno mchawi juu ya kichwa cha bibi. Sifa ya wema huanguka njiani, neno hubaki. Waingereza wanaweza kuchezea neno lao, maana kwao zimepita karne kadhaa tangu lilipoacha kumpeleka mtu kwenye kamba. Sisi bado.

Nilimwuliza bibi yeye angemwitaje Glinda. Akafikiri kidogo.

"Ana dawa?"

Nikamwambia hana dawa, ila anamwonyesha binti njia ya kurudi kwao.

"Basi huyo ni bibi yake. Ungekuwa na dawa ungesema mganga. Mwambie mwanafunzi wako."

Nilirudi chuoni nikamwita mwanafunzi, nikamweleza, na alama nikaipunguza mbele yake, kisha nikamwambia aipunguze na ya mwalimu wake. Akaenda akaandika upya. Tangu hapo, kila mwaka darasa langu likifika katika somo la tafsiri, huwaonyesha wanafunzi Maangamizi kabla ya kuwapa kalamu. Bado nangoja filamu itakayopigwa Masasi na Newala na watu wa Masasi na Newala, ambayo mganga wao atasema ndani yake kwa kinywa chake. Uwanda ule ulianza kutazamwa mwaka 1906. Umestahili sasa kutazama.